Kabari ya Mlango wa Kumi na Moja

Dolina Mowat alikuja na sanduku la bati
na mwanasesere wa kilo sabini.
Akamlaza kitandani, akamfunika blanketi, akatuuliza jina lake.
Hatukuwa nalo.
"Mpeni," akasema. "Asiye na jina husahaulika chumbani."
Eilidh akamwita Bwana Uji. Tukacheka.
Nje, saa tisa na nusu alasiri,
mji wa Wick ulikuwa umekwisha kuzima jua lake.

Miaka ishirini na miwili ya zimamoto,
kidole kimoja hakikunjiki.
"Mnasema panapofuka moshi pana moto.
Msemo umeficha nusu yake.
Moshi ndio muuaji.
Moto huja kuzika."

Kisha akaning'iniza vitambaa viwili uani, penye upepo mdogo.
Kilichofuliwa kilisitasita kushika,
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
Cha pili kilikuwa kimelewa krimu yetu,
ile tunayowapaka magotini asubuhi na jioni,
tukiipasha kwanza viganjani wasishtuke kwa baridi.
Sikuwahi kuhesabu hata kumi.
Nani alijua kwamba upole nao hushika moto?

Usiku tuko wawili. Vitanda ishirini na vitatu.
Lifti haiguswi.
"Na msiwatoe kwenye theluji," akasema,
"mtawaua kwa mlango mwingine.
Wavuteni hadi ng'ambo ya mlango wa moto, muufunge.
Ubao huo utawanunulia nusu saa.
Anzeni na walio karibu na hatari."
Struan akauliza, na yule ambaye chumba chake ndicho kinachowaka?
Dolina akamtazama Bwana Uji muda mrefu.
"Ukifungua ukakuta moshi umeshuka hadi kiunoni,
funga.
Funga, uende kwa mwingine."
Hakuna aliyeandika hilo. Hakuna aliyelisahau.

Ikafika zamu yangu ya kuwa mzee.
Nililala juu ya shuka la kuburutia, mikanda kifuani,
visigino vikipiga sakafu kila kiungo cha zulia.
Nikaona wanachokiona wao siku nzima:
taa, taa, doa la unyevu, taa,
pua za watu wanaokupenda zikiwa juu chini.
Hakuna aliyeniambia tunakwenda wapi.
Nikajua kuwa mzigo huokolewa hivyohivyo,
ila mtu husemeshwa.

Mlango wa kumi na moja ni wa Bi Wilhelmina Bain.
Ana miaka tisini na mmoja. Alipokuwa na sita
kaka zake walimfungia stoo ya chumvi,
wakaenda kutazama mashua, wakasahau.
Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mapipa;
kabari ya mwaloni inayoshikilia mlango wake wazi
aliichonga yeye.
Mimi ndiye ninayeisukuma chini ya mlango
kila usiku, kwa ncha ya kiatu.

Dolina aliigundua kwa kiatu chake pia.
Akainama, akaiokota, akaitia mfukoni.
Sikusema ni yangu.
Sikusema si yangu.

Usiku ule niliingia, nikafunga nikiwa ndani.
Nikamwambia kila kitu, hata kitambaa.
Akanishika kidole, akasikiliza,
akauliza, "Kabari yangu iko wapi?"

Meneja ameagiza kishikizo cha sumaku,
kitakachoachia mlango chenyewe kengele ikilia.
Kitafika Jumanne. Au Jumanne nyingine.
Kabari nimeiomba; sasa inakaa juu ya kabati lake,
kando ya meno.
Mpaka hapo, kila saa, napita nabisha mara mbili,
naye anagonga ubao wa kitanda mara moja:
yupo.

Jana, saa tisa usiku, aligonga mara tatu.
Nilikimbia ukumbi mzima nikiwa na shuka mkononi,
nikagusa mlango kwa mgongo wa mkono,
kama nilivyofundishwa. Baridi. Nikafungua.

Alitaka chai.
Na alitaka kujua kama nitakuja mbio.